Maua ya Kipupwe: Hamisheni Vyungu Upande wa Kaskazini

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mabibi na mabwana, mama zetu na dada zetu mliokuja na vyungu mkononi, wazee wetu, vijana wa vitalu vya kando ya barabara: karibuni sana.

Tumekutana Juni, na swali la Juni kila mwaka ni lile lile. Bustani ilikuwa na maua mpaka Machi, masika yakaja, sasa mvua zimepungua, majani yamejaa tele na maua hakuna. Bogenvilia imepanda mpaka juu ya bati, kijani kitupu. Hibiskasi inadondosha matumba kabla hayajafunguka. Yasmini imenyamaza. Ukiuliza sababu unaambiwa ni baridi. Lakini usiku wa Julai hapa Mombasa hushuka mpaka nyuzi 20 hivi tu, na mchana hufika 27 au 28. Hiyo si baridi ya kuua ua.

Mizizi imelowa tangu Mei, mwezi ambao peke yake hutumwagia zaidi ya milimita 200 za mvua. Kusi, upepo utokao kusini, linavuma na chumvi yake. Hayo mnayajua. Lakini kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalitazami kabisa, na ndilo ninalotaka mwondoke nalo leo: jua limehama.

Mji wetu uko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kwa hivyo mwezi huu jua haliko utosini kwetu, liko upande wa kaskazini. Chukueni futi ya kupimia tarehe 21 Juni, saa sita na dakika ishirini hivi mchana, saa ambayo kivuli ni kifupi kuliko saa zote. Ukuta wa mita 2 uliojengwa kutoka mashariki kwenda magharibi utatupa kivuli cha mita 1 upande wake wa kusini. Desemba kivuli hicho kinageuka, kinalala upande wa kaskazini, urefu wa sentimita 70. Maana yake ni kwamba lile tuta lililoko chini ya ukuta upande wa kusini, lililokuwa likiungua Januari, sasa halipati jua la moja kwa moja asubuhi, mchana wala jioni. Tena ndilo linalopigwa na kusi usoni. Bogenvilia, hibiskasi, waridi la jangwani, vinka, marigoldi, yote haya yanataka jua la saa sita kwa siku au zaidi. Ukiyaacha pale, hata uyape mbolea ya dhahabu, yatakupa majani.

Upande wa kaskazini wa ukuta ule ule, mambo ni kinyume. Jua lipo kutwa, upepo umezuiwa, na jiwe la ukuta lililopata moto mchana linautoa polepole usiku. Basi hamisheni vyungu. Wiki ya kwanza ya Juni, kila chungu cha maua yanayopenda jua kiende upande wa kaskazini wa nyumba, sentimita 30 kutoka ukutani ili hewa ipite. Msivihamishe kwa siku moja kutoka kivuli kizito hadi jua kali, kwa sababu jani lililokua kivulini ni laini na litababuka. Siku nne tano za jua la asubuhi tu, kisha viache hapo. Mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini likielekea kusini, na kufikia Novemba vyungu vyenu vitakuwa vinafaa kurudi vilikotoka. Aliyepanda ardhini hawezi kuhamisha, lakini anaweza kuamua mti mpya auchimbie shimo upande gani.

Wenzetu wa Uingereza, majira yao ya baridi yanapoanza, nao huangalia ukuta kwanza. Wana yasmini yao ya manjano isiyo na harufu, inayochanua juu ya matawi makavu yasiyo na jani hata moja. Wana kamelia, ambayo hawaipandi mahali panapopigwa na jua la asubuhi, kwa sababu tumba lililoganda usiku likiyeyuka ghafla hugeuka kahawia. Sisi hatuna barafu ya kuogopa. Tuna kusi.

Kusi lina madhara mawili, na dawa zake ni mbalimbali. La kwanza ni chumvi. Nyali, Likoni, Bamburi, popote mnaposikia bahari usiku, chumvi inatua juu ya majani, na dalili yake ni kingo za jani kukauka na kuwa kahawia upande unaotazama pwani huku upande wa pili ukiwa mzima. Baada ya siku ya upepo mkali suuzeni majani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, saa moja asubuhi, ili yakauke mapema. Msisuuze jioni. Jani likilala limelowa katika unyevu huu, ukungu unaingia.

La pili ni ukavu. Watu huona hewa ya baridi wakadhani chungu hakina kiu, na chungu cha udongo kilichoko upeponi hukauka upesi hata bila jua kali. Kipimo ni kidole: kichomeke mpaka sentimita 3, kikitoka kikavu, mwagilia. Au kinyanyue chungu, uzito wake hausemi uongo.

Kwa kuzuia upepo, ua wa makuti ni bora kuliko ukuta mtupu wa mawe. Upepo ukigonga ukuta usiopitisha kitu, unaruka juu na kuanguka upande wa pili kwa kishindo, unazunguka, na ndipo matawi yanapovunjika. Makuti yaliyosukwa kwa uwazi kidogo yanaupitisha nusu na kuupunguza nguvu. Ua wa mita 1.5 utakinga mita 7 hivi nyuma yake. Fungeni nguzo kila baada ya mita 1.5, maana ua wa makuti hauozi kwa kusi, unang'oka.

Sasa udongo. Kisiwani na ukanda wa Nyali hadi Bamburi tunakaa juu ya jiwe la matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Chokaa inafanya chuma kilichomo udongoni kisiyeyuke, na mmea unakosa chuma ukiwa umekikalia. Iksora na gadenia ndizo zinazolia kwanza. Shika jani changa la iksora iliyougua, ulitazame kwenye mwanga: nyama ya jani ni ya manjano, na mishipa yake imebaki kijani kibichi, kama mtu aliyechora wavu kwa kalamu. Majani ya zamani chini bado mazuri. Ukiona hivyo, si njaa ya samadi. Na hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Mtu anaona umanjano, anakwenda jikoni, anachota jivu la kuni na kulimwaga shinani. Jivu nalo lina asili ya chokaa, linapandisha kile kile kilichouharibu mmea. Jivu ni zuri kwenye udongo wenye tindikali. Juu ya matumbawe msilitie.

Dawa ni chuma kinachofaa udongo wa chokaa. Kwenye maduka ya pembejeo ulizeni chuma cha kundi liitwalo EDDHA, hicho kinabaki kikiyeyuka hata kwenye chokaa. Kile cha EDTA, ambacho ni rahisi zaidi na ndicho kinachouzwa sana, kikimwagwa kwenye udongo wetu hufa kabla mzizi haujakipata, basi kitumieni kwa kunyunyizia majani tu. Fuateni kipimo cha pakiti, na msizidishe. Njia iliyo nyepesi ni kupanda iksora kwenye chungu tangu mwanzo: sehemu mbili udongo mwekundu wa bara, sehemu moja samadi ya mbuzi iliyooza mpaka haina harufu, sehemu moja usumba wa makumbi ya nazi uliochambuliwa. Usumba huo uloweke kwenye maji yasiyo na chumvi usiku kucha, umwage maji, urudie mara tatu, kwa sababu makumbi yana chumvi nyingi, hasa yaliyofukiwa pwani. Mchanga wa ufuoni usiingie chunguni hata kidogo. Una chumvi, na karibu wote ni vipande vya matumbawe na kombe.

Wa Changamwe shida yenu ni nyingine, ni mfinyanzi. Chimbeni shimo la sentimita 30, lijazeni maji, mkirudi baada ya muda wa saa nne na maji bado yapo, msipande hapo chini. Inueni tuta sentimita 25 juu ya ardhi.

Na asiwepo anayesema juu ya jiwe hakuoti kitu. Pale Bamburi, machimbo ya saruji yalibaki jiwe tupu linalong'aa kwa jua. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller akaanza kupanda mivinje, na jongoo wenye miguu myekundu wakayala majani makavu ya mivinje wakayageuza udongo. Leo ni msitu. Majani makavu yanayofagiwa na kuchomwa kila asubuhi mitaani kwetu ni mali. Yatandazeni juu ya tuta unene wa sentimita 5, mkiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisije likaoza.

Nakuja kwenye bogenvilia, na hapa nitakaa kidogo, maana kama kuna mti unaoweza kuipa nyumba rangi Julai nzima ni huu, na kama kuna mti unaopendwa vibaya ni huu pia. Yale tunayoyaita maua yake ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kijirija cheupe kilichojificha ndani, vitatu pamoja, kila kimoja na jani lake. Rangi hiyo hutoka kwenye chipukizi jipya tu, na hutoka mti unapohisi kiu. Masika yameupa maji na yameuacha urefuke. Basi fanyeni hivi.

Chukueni mkasi mkali uliopanguswa kwa spiriti na glavu za ngozi. Ondoeni kwanza fito ndefu zilizonyooka kutoka shinani, zenye miiba mikubwa na majani mapana, zile hazitoi maua, zinakula tu. Kateni mpaka mwanzo wake. Kisha fupisheni kila tawi lililobaki kwa theluthi. Tazameni mahali pa kukatia: penye pembe ya jani na tawi pana jicho dogo kama punje ya mtama. Mkasi upite nusu sentimita juu ya jicho hilo, mshazari, upande wa juu ukiwa upande wa jicho, ili tone la maji liteleze mbali nalo. Ukikata mbali sana, kijiti kinachobaki kinakufa na kuoza kuelekea chini. Ukikata karibu mno, jicho linakauka. Jicho linalotazama nje ndilo la kuchagua, tawi lisije likaota kuelekea katikati.

Baada ya hapo, kiu. Iliyoko chunguni iondolewe mvuani, ikae chini ya ukingo wa paa upande ule wa kaskazini, juu ya mawe matatu ili tundu la chini lisizibe. Ngojeni mpaka ncha za majani zilegee kidogo, ndipo mwagilieni mpaka maji yatoke chini, kisha ngojeni tena. Si kukausha mpaka majani yapukutike, hapana, ni kulegea tu. Mbolea yenye naitrojeni nyingi msitie, wala samadi ya kuku, zitarudisha fito ndefu. Mbolea ya 17:17:17, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawasawa, kijiko kimoja cha chai kwa chungu cha upana wa sentimita 30, mara moja kwa mwezi, inatosha. Baada ya wiki 4 hadi 6 tangu kupogoa, rangi itatoka. Aliyepogoa wiki ya kwanza ya Juni ataiona katikati ya Julai. Anayepogoa mwezi wa Julai ataanza Agosti, na kila akirudisha mkasi juu ya tawi lililoanza kupaka rangi atakuwa amekata maua yake mwenyewe.

Jambo moja zaidi: mizizi ya bogenvilia ni myepesi kukatika. Ukinunua mche kwenye mfuko, usiung'oe kwa kuuvuta shina. Pasua mfuko kwa wembe, ukiwa umeshauweka shimoni. Na usikimbilie kuihamishia kwenye chungu kikubwa, inapobanwa kidogo ndipo inapochanua.

Hibiskasi nayo huchanua kwenye chipukizi jipya, ila ua lake linaishi siku moja, kwa hivyo ukipogoa mti wote kwa mara moja utakaa wiki nyingi bila kitu. Gawanyeni matawi mafungu matatu, kateni fungu moja kila baada ya wiki tatu. Matumba yakianguka, mara nyingi ni chungu kuachwa kikauke kisha kugharikishwa. Mara nyingine ni vidungata, wale wadudu weupe kama pamba kwenye mapindo ya matawi, na mkiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani mjue wapo. Sabuni halisi ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, nyunyizeni jua likishapoa, chini ya majani pia, mrudie baada ya siku saba. Tumieni maji ya mvua. Maji ya kisima cha matumbawe yanagandisha sabuni ikawa mabonge meupe, haiui mdudu na inaziba bomba.

Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na wengi hamna mengine ila ya mkokoteni. Basi gaweni. Bogenvilia, waridi la jangwani na vinka zitavumilia maji ya chumvi kidogo. Iksora, gadenia, waridi na miche midogo zipeni ya mvua au ya mfereji. Bati la mita 20 za mraba likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 200 zikipungua kidogo, na mvua za kutosha kwa hilo bado zitakuja Julai. Wekeni pipa lenye kifuniko, kwa sababu ya mbu. Na kila mwezi kila chungu kimwagiliwe mara moja maji matamu mengi, mara mbili ya ujazo wake, ili chumvi iliyojikusanya ishuke na kutoka.

Kwa wanaotaka maua ya mbegu, wakati ndio huu. Marigoldi huota siku 4 hadi 7. Ile fupi huchanua baada ya wiki 7 au 8, ile ndefu wiki 10. Zinia ni hivyo hivyo, lakini ipandwe sentimita 30 kwa 30 na imwagiliwe shinani, la sivyo ukungu utaimaliza. Vinka ifunikeni udongo vizuri kwa sababu mbegu yake inataka giza, na msiioteshe kabla mvua kubwa hazijakwisha, mizizi yake huoza ikiona maji yaliyotuama. Petunia, ambayo joto la Februari huiua, sasa ndiyo miezi yake. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, isifunikwe udongo, ibandikwe tu juu ya udongo laini na kufunikwa kwa kioo au nailoni mpaka iote.

Adui wa miche hii ni konokono wakubwa wa pwani yetu. Usiku mmoja wanakula sahani nzima ya marigoldi wakaacha vijiti. Jivu likishalowa halimzuii. Wekeni maganda ya papai chini ya kibao kilicholowa, na saa mbili usiku mpite na tochi na ndoo. Vaeni glavu, msiwashike kwa mkono mtupu, wanaweza kubeba minyoo inayodhuru watu.

Upande wa kusini, ule tulioukimbia, haukai mtupu. Kivuli chake ni cha majani yenye rangi: koleasi pale upepo usipofika, na krotoni, ambayo jani lake nene linastahimili kusi. Rangi yake ya manjano na nyekundu hufifia kivulini kizito lakini haipotei. Na kwa wenye watoto wadogo au mbuzi wa uani, waridi la jangwani na oleanda ni sumu, utomvu mpaka jani. Vyungu vyake viwe juu.

Nimeiacha yasmini mwisho kwa sababu nitasema kweli: kipupwe si msimu wake mkuu. Inapenda joto, na usiku wa Julai unaipunguza. Lakini kupungua si kukoma. Ipogoeni theluthi sasa hivi, mchume majani yote yaliyozeeka kwa mkono, muiweke karibu kabisa na ukuta wa kaskazini kuliko vyungu vingine vyote, sentimita 15, pale jiwe lilipo na joto la usiku. Mti uliokuwa ukitoa matumba mia utatoa ishirini, thelathini. Kwa kikuba, kile kishada cha maua ya harufu cha kujipamba, yanatosha, ukitia na rehani na ua moja la mlangilangi likipatikana. Chumeni saa kumi jioni, tumba likiwa limenona, jeupe kabisa, bado limefumba. Lenye ukijani shingoni bado halijawiva, liacheni la kesho. Lililokwisha kufunguka limeshaanza kupoteza harufu. Yafungeni kwenye kitambaa chenye unyevu, mahali pa baridi, na myatunge uzi kabla ya magharibi. Yatafunguka yenyewe usiku, yakiwa uzini.